Waridi la Mbula

Susu wangu Muthoki, aliyemzaa mama, alinisimulia haya mwenyewe, mchana kweupe, akichambua ndengu.

Ilikuwa mwaka 1937. Bustani ya zamani mbele ya boma la Kitui ilikuwa imegeuka kichaka cha mbuzi. Ikaamuliwa ifufuliwe, watu wote wapate pa kukaa siku za soko. Kazi akapewa babu yangu Ndolo, aliyeipanda ujanani pamoja na mke wake wa kwanza, Mbula. Mbula alikuwa amekufa miaka sita iliyotangulia. Muthoki, mke mpya, mwenye mimba changa, akaenda kumsaidia.

Kila walipofyeka, Ndolo alitaja jina lile. Hapa Mbula alipenda kupumzika. Njia hii Mbula aliipanga mawe. Siku moja wakafichua shina kuukuu la waridi, bado hai. Ndolo akapiga magoti, akalishika kama anayeshika mkono wa mtu.

"Mimi hujanishika hivyo hata siku moja," Muthoki akasema.

Ndolo akaendelea kuondoa magugu shinani.

Kesho yake saa sita, Ndolo alipokwenda kuteka maji, Muthoki akaling'oa lile shina na mizizi yake, akalichoma mpaka likawa majivu. Kisha akaanza kulima pale, alama isionekane.

Akasikia jembe lingine nyuma yake.

Akasimama. Likasimama. Akalima. Likalima. Akageuka. Bustani ilikuwa tupu, jua utosini.

"Ni nani?" akanong'ona.

"Umechoka, mwenzangu." Sauti ya mwanamke, karibu kabisa na sikio. "Nipe jembe."

Mpini ukavutwa mkononi mwake. Polepole. Akauachilia, akakimbia hadi kisimani.

Aliporudi na Ndolo, bustani nzima ilikuwa imelimwa. Katikati, waridi lilisimama, limechanua.

Ndolo hakuogopa. Alitabasamu.

"Huo ni mkono wake," akasema. Siku hiyo hakumtazama Muthoki tena.

Susu akarudi kwao Zombe. Bustani ikafunguliwa bila yeye, na watu wakaisifu sana. Miezi saba baadaye akajifungua msichana. Mkunga alipokuwa akimwosha mtoto, akaomba kijiti. Chini ya kucha zote kumi kulikuwa na udongo mwekundu.

Mtoto yule ndiye mama yangu. Alikuwa mshonaji, hakushika jembe maishani. Alipokufa nilimwosha mimi. Nilisugua sana zile kucha. Hazikutakata.