Mchanga Uliomnyima Samaki Usingizi

Kila siku akirudi kutoka shuleni, Pilipili alivua sare, akala chakula kilichofunikwa mezani, kisha akatoka uani kwenye karakana ya shangazi yake. Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini nyumbani wote walimwita Pilipili kwa kuwa hasira zake hazikuchelewa kuwasha. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili.

Shangazi aliunda matangi ya kioo ya kufugia samaki. Alikata vioo, akaviunganisha kwa gundi nyeusi, akajaza maji, kisha akangoja siku mbili aone kama patavuja. Kazi ya Pilipili ilikuwa kufuta vioo kwa gazeti kuukuu na kuosha mchanga.

Jumatatu moja alikuja daktari wa meno. Alikuwa ameagiza tangi jipya la maji ya chumvi kwa ajili ya chumba cha kungojea wagonjwa, maana samaki wake alikuwa amebanwa katika tangi dogo. Samaki huyo watoto walimwita Bwana Usingizi. Jua likikaribia kuzama, alijitumbukiza mchangani mzimamzima, kichwa na mkia, akalala humo mpaka asubuhi. Watoto waliokuja kung'olewa meno walisahau kulia kwa kumtazama.

"Nataka mchanga ule wa buluu unaometameta," alisema daktari.

"Ule ni chupa zilizosagwa, daktari. Wewe ungekubali kulala juu ya chupa?"

Daktari alicheka. Shangazi akamwekea makopo mawili mezani.

"Huu wa kwanza ni wa kujengea nyumba. Ukiutazama unapendeza, mweupe, lakini punje zake zina kona kali. Huu wa pili ni makombe ya bahari yaliyosagwa na kuchekechwa. Unayafaa maji ya chumvi, na ni laini." Alichukua kidogo, akausugua upande wa ndani wa kiganja cha daktari, pale penye ngozi nyororo. "Ukikukwaruza wewe, utamkwaruza na yeye. Umesikia kitu?"

"Sijasikia kitu."

"Basi huo ndio godoro la Bwana Usingizi."

Mchanga wa makombe Shangazi aliununua kwa mwanamke mmoja sokoni, aliyejulikana kama Bi Gunia. Jumatano gunia lilikuwa tayari uani. Siku hiyohiyo, saa kumi alasiri, darasa la Pilipili lilikuwa na mechi ya mpira wa pete, na yeye ndiye mfungaji wao.

"Osha ndoo tatu kwanza," alisema Shangazi. "Maji yakitoka kama ya kunywa, nenda ukacheze."

"Lakini shangazi, mechi ni saa kumi!"

"Na sasa ni saa nane. Ukiuosha huku umenuna, utachukua saa tatu. Ukiuosha kama mtu mwenye haraka yake, saa moja na nusu. Mimi nakwenda kununua gundi."

Pilipili alinuna. Alimimina maji kwenye beseni, akakoroga, maji yakawa kama maziwa. Akayamwaga, akamimina mengine, yakawa maziwa tena. Mara ya sita bado yalikuwa maziwa. Kelele za wenzake wakipita barabarani zilimfikia juu ya ukuta. "Pilipiliii! Unapika mchanga leo?" Wakacheka.

Hapo damu ilimpanda kichwani. Alilipiga beseni teke. Lilipinduka, na mchanga wa karibu ndoo nzima ukamwagika kwenye mfereji wa maji machafu.

Kuuchota asingeweza, ulikuwa umeshakuwa tope. Gunia lilikuwa limekwisha. Nyuma ya ukuta jirani alikuwa anajenga, na fungu la mchanga wake lilikuwa pale, jeupe, likimtazama. Pilipili alichukua ndoo. Mchanga wa jirani akautia chini kabisa, wa makombe akauweka juu, akamwagia maji. Ukilowa, nani angeujua?

Mechi aliiwahi. Alifunga mabao saba.

Jioni Shangazi alichukua mchanga wa juu, akausugua kwenye kiganja chake. "Umeuosha vizuri?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mungu akubariki," alisema Shangazi, naye Pilipili akaona neno lile limemchoma kuliko kofi.

Alhamisi tangi lilifungwa kwa daktari, na Bwana Usingizi akahamishiwa humo. Jumatatu iliyofuata daktari aliingia uani bila hata kubisha hodi.

"Mama, umenifanyia nini? Samaki tumbo lote limechubuka! Siku ya tatu sasa anajaribu kuzama, anatoka. Amelala ubavu juu ya mchanga, hali chochote. Leo asubuhi mtoto mmoja ameniuliza, daktari, mbona umemwua Bwana Usingizi?"

Shangazi alikwenda naye, akarudi na mfuko wa mchanga alioutoa ndani ya tangi. Aliukausha, akautandaza kwenye sahani, akakamulia ndimu. Penye punje za makombe palitoa povu. Lakini punje nyingi zilikaa kimya kama mawe.

"Wa kujengea," alisema polepole. Kisha sauti ikapanda. "Amechanganya! Bi Gunia amechanganya ili gunia lijae! Vaa viatu, Pilipili. Wewe ndiye uliyeuosha, utakuwa shahidi wangu."

Njiani Shangazi alitembea kama mtu anayefukuza mwizi. Pilipili alikuwa nyuma, na yeye pia alikuwa na hasira. Alimkasirikia daktari kwa kupiga kelele. Akamkasirikia jirani kwa kuacha mchanga wazi. Akawakasirikia wenzake waliomcheka. Alizunguka kote kutafuta wa kumlaumu, na kila alipomaliza alijikuta yuko palepale, na beseni limepinduka.

Bi Gunia alikuwa amekaa juu ya magunia yake, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu mtaa wa pili. Alikuwa anampimia mteja mzee mmoja.

"Mwizi wewe!" alisema Shangazi, bila salamu.

Soko likageuka.

"Nani mwizi?" Bi Gunia aliinuka. "Dada, umeamka vibaya au umelishwa kitu?"

"Umenichanganyia mchanga wa kujengea. Samaki wa watu anakufa!"

"Mimi? Miaka kumi na mmoja unanunua kwangu, umewahi kuona jiwe moja? Makombe haya nayasaga kwa mikono hii! Tazama malengelenge!"

"Malengelenge hata mwizi anayo!"

Watu wakaanza kukusanyika. Yule mteja mzee aliutazama mchanga aliokuwa amepimiwa, akatikisa kichwa, akaurudisha guniani taratibu na kuondoka zake. Bi Gunia alimwona. Macho yake yakajaa maji ya ghadhabu.

"Nina shahidi," alisema Shangazi. "Mtoto wa kaka yangu ndiye aliyeuosha. Pilipili, sema."

Pilipili alimtazama yule mzee akipotea kati ya watu.

"Si yeye," alisema.

"Sema kwa sauti, watu wasikie!"

"Si yeye, shangazi! Ni mimi. Nilipiga beseni teke kwa hasira, mchanga ukamwagika kwenye mfereji. Nikachota wa jirani, nikautia chini ya ndoo."

Mtu mmoja akaguna, "Haya sasa." Shangazi alisimama mkono ukiwa bado umenyooshwa kwa Bi Gunia, kama aliyesahau kuushusha.

"Siku zote hizi," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo iliyotisha kuliko kelele. "Siku zote hizi unanitazama usoni, unakula nami, unaomba nami."

Bi Gunia akamgeukia. "Huyo mtoto mwache kwanza. Wewe mtu mzima, swali lako liko wapi? Ulikuja na tusi kabla ya swali!"

Shangazi aliushusha mkono. "Ni kweli. Nimekukosea mbele ya watu, nakuomba radhi mbele ya watu."

"Na mteja wangu? Ataambiwa na nani?"

Kabla Shangazi hajajibu, Pilipili alikuwa ameshakimbia. Alimpata yule mzee kwenye kona ya wauza viatu, akamshika mkono huku akihema. "Babu, mchanga ni mzuri. Mwizi ni mimi." Mzee hakuelewa, ikabidi asimulie yote tangu beseni, wauza viatu wakisikiliza. Mmoja akasema, "Kumbe ndiye wewe!" Mzee alirudi, akauchukua mchanga wake. Bi Gunia hakumpa Pilipili asante, wala hakumpa salamu yake kwa mwezi mzima.

Kwa daktari kazi ilikuwa ndefu. Samaki alitiwa kwenye ndoo yenye maji yake mwenyewe, na mchanga wote ukatolewa kwa kopo. Pilipili aliosha ndoo tatu za mchanga mpya wa makombe mbele ya macho ya Shangazi, mara kumi na nne, mpaka maji yakawa kama ya kunywa. Hakuna aliyemsemesha. Daktari alipita mara mbili, akiangalia saa.

Kidonda kilichukua siku tisa kupona. Siku ya tisa, jua likishuka, samaki aliinamisha kichwa, akatikisa mkia mara mbili, akazama. Mchanga ukajifunika juu yake. Watoto wawili waliokuwa wakingoja zamu wakapiga makofi. Pilipili alilia, akijificha uso kwa kanga ya Shangazi.

Shangazi hakumbembeleza. Alingoja mpaka walipotoka nje ndipo akasema.

"Hasira hata mimi ninayo, mwanangu, na umeona sokoni ilivyoniaibisha. Mtu akikasirika aseme nimekasirika, na akimwaga aseme nimemwaga. Ungeniambia Jumatano ile, ningekugombeza, tungenunua gunia jingine, tukalala. Teke lako lilimwaga mchanga tu. Kimya chako ndicho kilichomwaga jina la mtu, na jina la mtu, Pilipili, huwezi kulichota kwa ndoo kwa jirani."

"Nimesikia, shangazi."

"Nitajua kama umesikia siku utakayokosea tena," alisema Shangazi, akatangulia.