Mwenyekiti wa Chama cha Samadi

"Mwenyekiti wa chama hiki ni nani? Ajitokeze!"

Mzungu wa bomani alikuwa amesimama kando ya bustani ya kabichi. Shule nzima ilipangwa mstarini.

Anastazia akajifuta vumbi miguuni haraka haraka. Kabichi zake zimeonekana! Siku yake imefika, jamani!

Akainua mguu atoke...

"Ni mimi, Bwana!"

Sauti ilitoka nyuma yake. Damiani!

Rafiki yake wa kufa na kuzikana alimpita begani, akaenda kusimama mbele ya watu kana kwamba kazi ile ni yake.

Anastazia alifungua mdomo. Mwalimu Urbano akamshika bega kwa nguvu.

"Nyamaza."

"Lakini mwalimu..."

"Nimesema nyamaza!"

Damiani alipopitishwa kuelekea ofisini, Anastazia alimtupia neno moja tu.

"Mwizi!"

Damiani akamwangalia, akaendelea na njia yake. Mtu gani anaiba jasho la mwenzake halafu hata haoni aibu?

Subirini kwanza, msimhukumu mtu. Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Ilikuwa mwaka hamsini na sita, shule moja ya misheni upande wa Ihanja. Mwalimu Urbano aliwagawia darasa la saba vipande vya bustani.

"Jipangeni watatu watatu. Kundi litakaloshinda, misheni itawasomesha wote mwaka ujao."

Kwa Damiani hilo lilikuwa suala la kufa na kupona. Alilelewa na bibi yake, na bibi mwenyewe hakuwa na mbele wala nyuma. Asiposhinda, shule basi.

Wenzao walichaguana kwa ushosti tu. Anastazia akatuliza akili. Akamchukua Damiani, maana yule angeweza kubeba maji kutoka korongoni asubuhi mpaka jioni bila kununa. Halafu akamfuata Gasto, mvivu wa kutupwa, mtoto wa jumbe.

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Kwenu kuna ng'ombe wengi. Tunataka samadi."

"Yaani mnanichukua kwa sababu ya mavi ya ng'ombe?"

"Ndiyo."

Gasto akafikiri, akakubali. Walicheka mpaka mbavu zikauma.

Shida ikaja kwenye jina.

"Kundi ni la mbuzi," Anastazia alisema. "Sisi tuwe chama. Mimi mwenyekiti, Gasto katibu."

"Na mimi?" Damiani aliuliza.

"Wewe mwanachama."

"Peke yangu? Basi mnitunze, nikihama chama kimekufa!"

Maneno hayo ya chama na mwenyekiti Anastazia aliyaokota kwa mjomba wake aliyetoka Tabora. Aliyapenda kwa ukubwa wake, hakuuliza yanafanya kazi gani. Kila Ijumaa wakafanya mkutano nyuma ya zizi, na kabichi zikanenepa, acheni tu!

Mpaka siku Gasto alipomfuata baba yake, mzee Alute.

"Shikamoo baba. Naomba samadi tena."

"Marahaba. Ya nani hiyo?"

"Ya chama, baba. Mwenyekiti kaagiza."

"Chama?!"

"Ndiyo. Mimi ndiye katibu."

Masikini mzee! Serikali ilikuwa imeshatangaza kwamba mwanafunzi na siasa ni marufuku. Akaona cheo chake cha ujumbe kinaota mbawa. Hakuuliza la pili, akapanda baiskeli mbio mpaka bomani kujisafisha kabla hajaulizwa yeye.

Mnaona sasa yule Mzungu alifuata nini? Hakufuata kabichi!

Kule ofisini Mwalimu Urbano alijitahidi. "Bwana, hawa ni watoto wa bustani tu."

"Mwenyekiti, katibu, mkutano kila Ijumaa. Hiyo bustani gani?"

Siku ileile Damiani akafukuzwa shule.

Gasto ndiye aliyemwambia Anastazia ukweli, makamasi yakimtoka.

"Mimi nimeponea kwa baba. Lakini Damiani alijua! Alitumwa kupeleka maji ya gari la Mzungu. Akamsikia anasema, mwenyekiti lazima afukuzwe leo leo. Alipofika mstarini wewe ulishaanza kutoka..."

Anastazia akalikumbuka neno lake. Mwizi. Alimwita mwizi!

Alikimbia mpaka kwa bibi yake Damiani, akamkuta anapeta uwele.

"Shikamoo bibi. Damiani yupo?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaondoka na lori la manamba. Kukata mkonge, huko Tanga."

"Nakwenda bomani, bibi! Nikaseme mwenyekiti ni mimi!"

Bibi akaweka ungo chini.

"Ili wakufukuze na wewe? Halafu Damiani awe amekwenda kuchanwa na mkonge bure?"

Anastazia akalia kwa sauti, kama msibani.

"Kakuachia neno," bibi alisema.

Anastazia akafumba macho. Alingoja tusi, maana alistahili.

"Kasema, mwambie mwenyekiti asisahau kumwagilia."

Akamwagilia. Kila siku, kutoka korongoni, kwa mgongo wake mwenyewe, na Gasto mvivu akibeba debe nyuma yake bila kuambiwa. Kabichi zao zikashinda. Misheni ikawasomesha wawili, nafasi ya tatu ikabaki wazi. Kila lori lililotoka Tanga Anastazia alilikimbilia barabarani, na Damiani hakushuka hata siku moja. Mpaka Anastazia anakuwa mwalimu, hakuwahi kupata nafasi ya kumwambia nisamehe.

Wadau mnaosoma vyuoni na kazi zenu za vikundi, nawasihi. Tafuteni mwenye akili, tafuteni na mwenye samadi, sawa. Lakini jueni nani kati yenu atasimama siku mambo yakiharibika. Na ukimwona ametangulia mbele yako, ngoja kwanza kabla hujamwita mwizi.