Jibini ya Mwombolezaji

Caderina ndiye aliyesikia kwanza. Alirudi mbio na kikapu chake, akasimama mlangoni akihema.

"Mama, nani analia kwenye jibini?"

"Nani alie kwenye jibini, mtoto wewe? Jua limekupanda kichwani?"

Bonaria hakuinua hata uso. Alikuwa akikoroga maziwa ya kondoo jikoni, kama alivyokoroga kila siku tangu wamzike binti yake mdogo, Nannedda, aliyechukuliwa na kichomi akiwa na miaka saba. Sasa alibaki na Caderina peke yake, wa miaka kumi. Mumewe, Bachisio, alikuwa juu mlimani na kondoo, na huko malishoni mtu hashuki ovyo.

Jibini zao walizihifadhi kwenye Nyumba za Majini, nyuma ya kijiji chao cha Orunele. Watu wa kale wa Sardinia walivichonga vyumba vile ndani ya mwamba wawazike humo wafu wao. Mifupa ilishatoweka, wachungaji wakaona baridi ile isipotee bure. Mabibi wa Orunele walisema majini wa kike wanakaa mle, wadogo kama watoto, na saa zao ni jua la utosini. Asubuhi ingia, jioni ingia, ugeuze jibini zako uzipake chumvi. Saa sita mchana waachie wenyewe.

Bonaria kesho yake alikwenda saa sita hiyohiyo. Msidhani alikuwa jasiri; woga ulikuwa umemwishia tu, pamoja na vingine vyote. Kijiji kizima kilijua kwamba hakumlilia mwanawe. Wanawake walimzunguka marehemu kitandani, wakaimba maombolezo, wakajipiga mapaja, naye mama mtu akakaa pembeni macho makavu, kama aliyekuja kungoja mkate uive. "Mama gani huyo?" walinong'ona. "Hata paka humlilia mwanawe." Alisikia, lakini hakuumia. Kifua kilikuwa kimekufa ganzi.

Aliinama, akapenya kwenye kitundu cha kuingilia. Ndani palinuka chumvi na maziwa yaliyochacha, na chini yake harufu nyingine, ya nywele mbichi. Kwenye ukuta wa nyuma palichongwa mlango, una fremu yake na kizingiti na pembe za fahali juu, lakini ni mchoro tu; nyuma yake hakuna chumba, ni mlima. Nyuma ya mlango huo mwanamke alikuwa akiomboleza.

"Nannedda wangu wa gauni la buluu," iliimba sauti, polepole, na ilikuwa sauti ya Bonaria mwenyewe. "Nani alikuvika, nani atakuvua..."

Bonaria alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafanya jambo ambalo mtu yeyote wa Orunele mwenye adabu angelifanya. Pale kwao anayekulilia maiti wako huwezi kumwacha aondoke mikono mitupu, unampa jibini. Akachagua moja nzuri, akaiweka chini ya ule mlango wa jiwe, akasema ahsante.

Jioni alifungua sanduku la nguo akakuta gauni la buluu. Akaligeuza, akalitazama pindo, asijue ni la nani. Wala halikumsumbua.

Akawa anakwenda kila mchana. Jibini ya jana huikuti, pale ilipokuwa panabaki unyevu tu, naye anaweka nyingine na kukaa chini kusikiliza, na sauti inamlilia mtoto meno yake mawili yaliyong'oka, inamlilia wimbo aliokuwa akiwaimbia wanakondoo, inamlilia kovu la gotini na kicheko na namna alivyolala kachomeka miguu ubavuni mwa mama yake, na kila kitu kikishaliliwa kinatoka kifuani mwa Bonaria bila maumivu yoyote, kinaingia huko nyuma ya jiwe, naye anarudi nyumbani mwepesi, anakoroga maziwa yake, anakula, analala usingizi wa fofofo.

Siku ya tisa Caderina alimwonyesha picha ya Nannedda iliyokuwa ukutani.

"Mama, huyu nani?"

Bonaria aliitazama vizuri. "Mtoto mzuri. Wa jirani?"

Caderina akatoka mbio hadi kwa bibi yake, Raimonda, mama yake Bachisio. Kizee kile kilikuwa kimeomboleza misiba yote ya Orunele kwa miaka arobaini, na ndicho kilichowatibu watu waliopigwa jicho baya. Kilikuja kimebeba bakuli la maji, kikadondosha ndani punje za ngano. Zote zikasimama wima, dalili mbaya kuliko zote.

"Ee Mungu wangu," alinong'ona Raimonda. "Bonaria, unakwenda wapi mchana?"

"Kwenye jibini, mama."

"Humo kuna anayelia?"

"Analia vizuri sana."

"Na wewe ulimpa kitu?"

"Jibini. Ningemwachaje hivihivi, mama? Kanililia maiti wangu!"

"Mjinga wewe!" Kizee kilijiziba mdomo, kikashusha sauti tena. "Umemwajiri. Umemwajiri mwenyewe kwa mkono wako! Kila anachokililia anakichukua kinakuwa chake."

"Mwache amalize. Haiumi."

"Haiumi, eti! Akimaliza yule atamshika huyu hapa. Utamsahau Caderina, unanisikia? Utampita njiani kama mtoto wa watu."

Bonaria alimtazama binti yake, aliyekuwa amekumbatia picha. Chini ya ganzi kitu kikamchoma, kidogo, kama sindano iliyopita kwenye blanketi. Hapana, huyu hakutaka kumpoteza.

"Nifanye nini?"

"Umfukuze kazi. Uingie saa yake, umlilie mwanao kwa mdomo wako mwenyewe, umtaje jina mara tatu mbele ya ule mlango. Marehemu ataondoka kwa amani, na mle ndani patafungwa. Mimi siwezi kukutajia, lazima litoke kwa mama. Jina unalo?"

"Nisahau jina la mwanangu?" Bonaria alikasirika kweli. "Ninalo, mama."

Na alikuwa nalo. Lilikuwa ulimini, la moto, tayari kabisa. Alifurahi kulikuta.

Saa sita walipanda wote watatu. Raimonda na Caderina wakabaki nje juani, wameshikana mikono. Bonaria akapenya. Sauti ilikuwa imeshaanza. Akapiga magoti mbele ya mlango wa jiwe, akafumbua kinywa, na kwa mara ya kwanza machozi yakamtoka, mengi, ya moto, yakamlowesha mpaka kifuani, naye akaimba juu ya ile sauti, akaizidi, akalia kama walivyolia wanawake wote wa Orunele kabla yake.

"Caderina!" alilia. "Caderina wangu! Caderina!"

Nje Raimonda alipiga yowe. "Siyo huyo! Bonaria, siyo huyo!"

Nyuma ya jiwe pakawa kimya.

Bonaria alitoka akipangusa uso kwa kitambaa chake cha kichwa, ametulia, karibu atabasamu. Mama mkwe alikuwa ameanguka magoti. Kando yake alisimama msichana mwembamba mwenye picha mkononi, anamkodolea macho. Bonaria alimhurumia.

"Pole, mwanangu. Unatetemeka. Mama yako yuko wapi?"

Msichana alifungua mdomo. Midomo ikacheza, koo likacheza, sauti haikutoka. Ilitoka mle ndani, nyuma ya ule mlango, sauti ya mtoto, inaita Mama, Mama, inapiga jiwe.

Bonaria aligeuka akasikiliza.

"Jamani," alisema, "kuna mtoto wa mtu analia humo."

Akachukua kikapu chake, akateremka kwenda kukoroga maziwa.