Kicheko Uani kwa Bi Mwanamwema

Asubuhi ile uani kwa Bi Mwanamwema, Bububu, palikuwa shwari. Wanawake wanachambua mchele, chai ya mchaichai imo birikani. Mayasa, jirani, akauliza tu: "Riyama yuko wapi?"

"Kalala," akajibu Bi Mwanamwema. "Siku ya nne leo. Mimba ya miezi sita, mtu hapiki, haogi. Mwanangu Machano kaoa gogo."

Wakacheka. Mayasa naye akacheka kidogo, na kicheko hicho anakijutia mpaka leo.

Aliingia chumbani. Sahani ya wali wa juzi ilikuwa sakafuni, imejaa sisimizi. Riyama alikuwa kaelekea ukutani.

"Una nini, mwanangu?"

"Sijui, Bi Mayasa. Usingizi sipati. Machano akirudi kutoka kazini Kiwengwa ananambia nna nuksi. Mwezi huu hata hakuja. Kwenda kulima mwani baharini siwezi tena, sina hata pesa ya sabuni. Wakati mwengine natamani nisiamke."

Bi Mwanamwema alikuwa mlangoni, anasikiliza. Hakushtuka. Alirudi uani akawahadithia wenzake, akiigiza sauti ya mkamwana wake. Wakacheka tena. Ndiyo, ndugu zangu, walicheka.

Mayasa hakugombana. Alimvisha Riyama buibui, akamshika mkono, wakawapita wachekaji wale mpaka kituo cha afya. Mkunga akawaeleza kwamba hiyo ni sonona, maradhi ya huzuni nzito, huwapata wajawazito wengi, hasa wenye dhiki na wasio na wa kuwasikiliza, na ina tiba. Riyama akahamia kwa Mayasa. Kila wiki alikwenda kuzungumza na mshauri. Polepole akala, akaoga, akalala.

Alijifungua mtoto wa kike. Siku ya akika, karamu ya kumchinjia mtoto iliyofanywa kwa Mayasa, Machano, ambaye hakuleta hata kipande cha kanga cha kumfunikia mtoto, alikuja na kanzu iliyopigwa pasi. Mama yake akampakata mtoto.

"Mjukuu wangu huyu nimemhangaikia tangu yumo tumboni."

"Mashaallah," wakaitikia wanawake wale wale.

Mayasa akalirudisha tonge sahanini.

"Nipe mwanangu, mama," Riyama akasema taratibu. "Kwenu sirudi."

Machano akainamisha kichwa, akaendelea kula.

FUNZO

Mjamzito akiacha kula, akijitenga, akikata tamaa, si mvivu wala hadeki. Anaumwa, na ufukara, upweke na maneno ya nyumbani humzidishia. Msikilizeni, mpunguzieni kazi, mpelekeni hospitali mapema. Na wewe unayecheka kidogo tu ili usionekane mbaya kwa wenzako, nawe umo katika dhuluma hiyo.