Joto la Chumba cha Bi Mwanamkuu

Jumamosi moja ya Januari, alasiri, Tima alisikia harufu ya udi ikitoka kwenye redieta, chuma cha ukutani cha kupasha joto, ya chumba cha marehemu mamake, Bi Mwanamkuu. Katika nyumba ile ya Ilford, ughaibuni, hakuna aliyechoma udi tangu Bi Mwanamkuu aondoke. Bibi huyo alikuja na jini wa ukoo kutoka Mombasa, na kila Ijumaa alimfukizia. Alimwita "mgeni wangu."

Tima akafunga mlango, akarudi jikoni. Fundi Gurmit, mzee wa mtaa wa Southall aliyezaliwa Kisumu, alikuwa amefungua boila, mtambo wa gesi unaochemsha maji ya redieta zote.

"Mama Nasra, hii imezeeka lakini si mbovu. Nikiisafisha itaenda miaka mitatu zaidi. Unaitoa ya nini?"

"Itoe tu, mzee wangu. Imeharibika."

"Nani amekwambia?"

Aliyesema ni Tima mwenyewe, mwaka juzi. Mamake alikuwa ameanza kusahau, akiwasha jiko na kuliacha, na Tima, muuguzi wa zamu ndefu, akachoka naye. Ukweli ulimshinda kutamka. "Boila imeharibika, Mama. Kakae kwenye makao ya wazee siku chache, itengenezwe." Alimvisha viatu huku boila ikinguruma vizuri nyuma yao. Kila alipokwenda kumtazama, mama aliuliza, "Ishatengenezwa, mwanangu?" Naye akajibu, "Bado kidogo." Alijibu hivyo miezi kumi na minne, mpaka akamzika.

Sasa mabomba yalikuwa yakigonga mwezi mzima, na ndani ya kugonga kule mlikuwa na sauti ya mamake ikiuliza lile lile. Hakumwambia mtu, maana angelazimika kueleza yote. Alitaka boila itolewe, angalau uongo wake ufanane na kweli.

Gurmit akazima gesi, akamwaga maji yote ya mabomba na redieta, akaibeba boila hadi nje mlangoni. Alipopanda kukagua redieta za juu, aliita kwa sauti ya chini.

"Mama Nasra. Njoo uguse hii."

Tima hakuhitaji kugusa, kwa sababu joto lilimpiga usoni kabla hajafika kizingitini, na rangi ya redieta ilikuwa ikivimba, na udi ulikuwa mzito kiasi cha kumkaba koo, na ndani ya chuma kile kitupu, kisichobakiwa na tone la maji, kitu kilikuwa kikivuta pumzi polepole kama mtu mzima anayesubiri kujibiwa.

"Haina kitu ndani," Gurmit akanong'ona. Akashuka ngazi, hakuchukua hata bisibisi yake.

Nasra, binti wa Tima wa miaka kumi na sita, alikuwa amesimama nyuma ya mamake. Aliuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwa nini sauti ya Bibi mle ndani inauliza kama boila imetengenezwa, na lini iliharibika.

Tima alifungua mdomo. Nafasi ilikuwa ile, na akaiona.

"Sijui, mwanangu," akasema.

Nasra akamtazama, kisha akampita, akaingia chumbani na kuufunga mlango. Tima alishika kitasa, kikamuunguza. Akabaki pale, kiganja mdomoni, akimsikia bintiye akiuliza, na sauti nyingine ikimjibu kwa Kimvita, taratibu, bila hasira, ikianzia siku ile ya viatu.