Nililifunika Gari la Mjomba Lisiharibike

Nilipovuta turubai, rangi ya gari ilikuja nayo!

Sisemi vumbi. Sisemi matope. Nasema rangi yenyewe, ile ya kijani, imebanduka vipande vipande na kunata kwenye turubai, na turubai nimelishika mimi mkononi.

Binamu yangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Umefanya nini?"

Nikajaribu kulirudisha turubai juu ya gari.

"Nakuuliza, umelifanya nini gari la baba?"

"Kaka, mimi..."

"Kama gari umelifanya hivi... baba yangu umemfanyaje huko ndani?"

Mnaosoma, niacheni nimesimama hapo hapo na turubai langu, niwarudishe nyuma kidogo. Mkimaliza mtaniambia kama nilistahili yaliyonikuta.

Mimi ni msusi. Mama alifariki nikiwa mdogo, hata vifungo vya sare sijui kufunga, akanichukua kaka yake. Huyo ndiye mjomba. Ndiye baba, ndiye mama, ndiye aliyenisuka kwa mara ya kwanza nikaenda shule watu wakanicheka mpaka jioni.

Mjomba alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, maneno yakaisha. Akili ipo, masikio yapo, ila mdomo haufuati.

Ana mtoto mmoja wa kumzaa, huyo binamu yangu. Anaishi mbali, ana kazi nzuri, mtaa mzima unamwita Injinia. Familia ilikaa, ikaamua. Mimi nikapewa mzee, Injinia akapewa uamuzi.

Mwanzoni tuliishi raha, msinione hivi. Wateja nilikuwa nawasukia chumbani kwa mjomba, ili asikae peke yake. Na wanawake wakisukwa, mnatujua... tunasema yote! Nani kaachwa, nani kafumaniwa, nani kajenga na hana kazi. Mjomba anasikiliza, anacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Alijua umbea wa mtaa mzima na hakuwa na uwezo wa kumwambia mtu. Wateja walimpenda kwa hilo.

Sasa gari.

Lilikuwa linakaa uani, chini ya mti, mbele ya dirisha lake. Gari la zamani, na mjomba hakuwahi kulitunza hata kidogo. Ukimwambia alioshe, anakuuliza, "Kwani mvua haitanyesha?" Mlango wa nyuma ulipokataa kufunga, alifunga kamba, safari ikaendelea. Kwake gari lilikuwa kama viatu vya shambani, mradi lifike.

Siku moja Injinia akapiga simu ya video. Nikamwelekezea mzee.

"Shikamoo, baba."

Mjomba akainua mkono wake mzima.

"Haya, nigeuzie nione uani."

Nikageuza simu dirishani.

"Subiri! Hicho nini kwenye boneti?"

"Ndege hao, kaka. Wanalala mtini."

"Kinyesi cha ndege kinakula rangi, hujui? Na utomvu wa mti nao! Unaliacha gari la baba lioze?"

"Kaka, mjomba mwenyewe hakuwahi..."

"Simzungumzii baba, nakuzungumzia wewe. Mimi niko mbali, sioni kila kitu. Gari likichakaa, nitajua na mzee amechakaa. Huku kwangu kuna nyumba ya kutunzia wazee. Nikiona umeshindwa, namleta huku. Umenielewa?"

Nilimwelewa vizuri sana.

Mjomba akalale kwa watu wasiomjua? Watu wasiojua kwamba chai anaitaka ya vuguvugu, na mto anautaka chini ya bega na si chini ya kichwa?

"Nitalitunza, kaka."

Basi nikawa mtumwa wa gari. Kila asubuhi, kabla jua halijachoma, nipo uani. Shampuu ya gari, marufuku sabuni ya unga. Sponji laini. Kukausha. Polishi. Halafu picha, mbele, nyuma, ubavuni.

Simu inaita.

"Hapo mlangoni mbona kuna ukungu?"

"Nimefuta, kaka."

"Rudia."

Narudia. Nikimaliza, ndege wamekunya tena! Nalia, naosha.

Na asubuhi ndiyo ilikuwa saa ya wateja wangu. Wakasubiri, wakachoka, wakahamia kwa msusi mwingine. Chumba cha mjomba kikawa kimya.

Hapo ndipo alipoanza kugonga.

Kiganja kwenye kioo cha dirisha. Ko! Ko! Ko! Mimi niko nje na sponji.

"Nakuja, mjomba!"

Naingia, ananyamaza. Nampa maji, hataki. Namgeuza ubavu, hataki. Nalifungua dirisha, hataki. Natoka... ko, ko, ko!

Nikamweleza Injinia.

"Anafurahi huyo," akasema. "Anaona gari lake linang'aa. Mwache afurahi."

Mtu ambaye hajawahi kuosha gari maishani mwake, leo afurahie polishi? Lakini niliamini. Nilikuwa nimechoka, na maneno ya Injinia yalinipunguzia kazi ya kufikiri.

Mvua zikakaribia. Injinia akasema, "Lifunike."

Nina jirani, mama mmoja fundi cherehani, kibaraza chake kinatazamana na dirisha la mjomba. Akanishonea turubai kubwa lenye kamba za kukazia chini. Alilizunguka gari na futi yake shingoni, anaguna.

"Nimeshona magauni ya harusi maisha yangu yote. Bibi harusi asiye na kiuno ndiye huyu wa kwanza!"

Tulicheka sana siku hiyo. Mjomba naye alituona, akacheka.

Nikaliosha gari, nikalifunika, nikatuma picha.

"Safi sana! Sasa usilifunue mpaka nije. Nataka nilikute hivyo hivyo."

"Kaka, nahisi halijakauka vizuri. Nilifanya haraka, wingu lilikuwa limeshafunga..."

"Usilifunue, nimesema."

Sikulifunua.

Mvua ikanyesha, aisee, mvua ya kweli kweli. Ikikatika, jua linawaka, halafu inarudi. Upepo ukija, turubai linapepea na kujipiga juu ya gari kutwa nzima. Nikawa nakimbia kumwaga maji yaliyotuama juu yake, nakimbia kukaza kamba, nakimbia kupiga picha ya turubai. Eti picha ya turubai!

Ko! Ko! Ko!

"Nakuja, mjomba, nakuja!"

Nilikuwa nachelewa kwenda.

Injinia akaja, ameongozana na fundi wa rangi. Alitaka gari likaguliwe. Ndipo nikavuta turubai, na mengine mmeshayasoma.

Fundi alipitisha kidole kwenye vile viputo vya rangi.

"Mlilifunika likiwa bichi," akasema. "Unyevu umepikiwa humo ndani. Na turubai likipepea, vumbi linasugua kama msasa. Rangi yenyewe ilishazeeka. Bora mngeliacha wazi na ndege wake."

Nikamgeukia Injinia.

"Kaka, wewe ndiye uliyesema nisilifunue."

"Nilisema ulifunike! Sikusema uliue!"

Akaingia ndani kwa hasira, nami nyuma yake. Akamfunua baba yake, akamkagua mgongo, akamkagua visigino, chini ya makwapa. Anatafuta kidonda. Hakikuwepo hata kimoja. Shuka safi, kucha zimekatwa, mto uko chini ya bega.

Nikamwona bega lake linashuka. Hasira inampungua. Mwenyezi Mungu, nikasema moyoni, tumepona.

Mlangoni akatokea jirani yangu, futi bado iko shingoni. Alisikia kelele, akaja kunitetea.

"Injinia, mwanangu, usimwonee huyu binti! Mimi nipo pale na cherehani yangu, naona yote. Kutwa yuko nje na gari lako! Mvua inamnyeshea! Mpaka baba yako anagonga dirisha kumwita, na yeye kukaa naye hawezi, anaogopa simu zako!"

"Anagonga... kumwita?" Injinia akauliza taratibu.

"Wewe ulidhani anapiga ngoma? Akiwa naye humu ndani, mzee hagongi ng'o. Akiachwa peke yake, anagonga."

Nilikuwa nimemuuliza maji. Nimemuuliza choo. Nimemuuliza baridi, joto, dawa. Hilo moja sikuwahi kumuuliza.

"Mjomba... ulikuwa unaniita mimi?"

Akaitikia kwa kichwa. Machozi yakamtoka jicho moja, lile linaloweza.

"Ulitaka nikae tu?"

Akaitikia tena.

Nyuma yangu Injinia akacheka, kicheko kibaya.

"Kwa hiyo mgonjwa anakuita, wewe unaosha gari."

"Kaka, ulisema..."

"Nilisema, nilisema! Kila kitu mimi nilisema! Mfungie nguo zake."

Jirani akashika mdomo kwa mikono miwili. Masikini, alikuja kunitetea, akanimaliza.

Nilipiga magoti. Nilimshika miguu mtu niliyekula naye sahani moja utotoni. Nilimwambia gari nitalilipia hata kwa kusuka mpaka vidole vikakamae. Hakunitazama. Mwenye uamuzi alikuwa yeye, na familia nzima ilijua hivyo, na kila niliyempigia simu alisema, "Mtoto wake ndiye huyo, sisi tufanyeje?"

Walipomweka mjomba kwenye gari la Injinia, mkono wake mzima ulikuwa umeshika blauzi yangu. Haukuachia.

"Baba, achia. Huko kuna watu wa kukaa na wewe."

Hakuachia.

Injinia akambandua vidole, kimoja baada ya kingine. Mimi nimesimama tu, namwangalia akimbandua.

Kisha akanirushia funguo.

"Gari baki nalo. Si ndilo ulilokuwa unalipenda?"

Na sasa, ndugu zangu, mtaa mzima unanipongeza. Hongera, umepata usafiri! Hongera, Injinia ana roho nzuri! Mwenzenu nina gari, na sina mtu wa kumpeleka popote.

Wewe uliye mbali na mzazi wako, usiombe picha ya kitu ukadhani umemwona mtu. Uliza leo nani amekaa naye. Na wewe uliye naye chumba cha pili, akikuita, acha hicho ulichoshika. Huenda hataki maji, hataki dawa. Kaa kitandani kwake, mpe umbea.

Leo asubuhi nilijikaza nikampigia Injinia. Alipokea.

"Shikamoo, kaka. Mjomba ameamkaje?"

"Yuko salama tu," akasema. "Gari umelifunika? Nasikia huko mvua bado zinaendelea."