Jiwe la Pikapu

Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kinatazamana na karakana ya seremala, na barabara iliyo kati yetu ina mteremko mkali.

Seremala hutengeneza makochi. Mke wake alikuwa akishona mito ya makochi hayo, ndiyo maana mtaa mzima humwita Mama Mito. Mishono yake ilikuwa midogo na imenyooka. Mimi ninayeshika sindano kila siku niliionea wivu. Watu walikuja kuulizia kochi la mume, wakaishia kusifu mito ya mke.

Walikuwa na pikapu. Waliinunua ikiwa imeshawachosha watu wawili kabla yao. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa waya. Kioo kimoja kilishuka na hakikupanda tena. Honi ilijipigia yenyewe kwenye kona. Sisi majirani tuliiita Subira, maana bila subira hupandi.

Lakini ubaya wake hasa ulikuwa breki. Ili isimame, seremala alikanyaga mara mbili, akangoja kidogo, akakanyaga ya tatu. Breki ya mkono ilikatika zamani. Kwa hiyo Mama Mito alikaa mbele na jiwe miguuni. Lilikuwa kubwa kama mkate, na alilivisha gunia ili lisimchubue. Pikapu ikipanda mteremko na kutaka kusimama, aliruka chini na kulisukuma nyuma ya gurudumu. Walifanya hivyo miaka mitatu, mume akikanyaga na mke akiweka jiwe, bila hata kusemezana.

Tena walijivunia. Seremala alisema hakuna mwizi wa kuiba pikapu ile, kwa sababu hajui akanyage mara ngapi, na hana mke wa kumwekea jiwe. Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote, na leo najuta.

Mtu mmoja hakucheka. Huyo ni Bi Spana, mama wa makamo mwenye gereji nyuma ya mtaa wetu. Alimwambia seremala ailete pikapu aifungue. Seremala akasema ataileta Jumatatu. Jumatatu ikaja, ikapita, ikaja nyingine. Alijua kuwa Bi Spana akishaifungua hataiachia upesi, na wateja walikuwa wanangoja makochi yao. Kila wiki aliongeza mafuta ya breki kidogo, basi akaendelea na safari. Siku moja yalimwishia, akamimina mafuta ya injini. Alisema mafuta ni mafuta.

Siku ya ajali ilikuwa asubuhi yenye mawingu. Walikuwa wanapanda mteremko, wanarudi kutoka kupeleka kochi. Niliona taa za nyuma zinawaka na kuzima, zinawaka na kuzima. Mama Mito akashuka na jiwe lake kama kawaida. Akainama nyuma ya gurudumu. Taa zikawaka mara ya tatu, lakini pikapu haikusimama. Ilirudi nyuma ikapanda jiwe, na mkono wa Mama Mito ulikuwa bado juu ya jiwe. Kisha ikaja kuegemea nguzo ya kibanda changu.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba watoto, mkono."

Hospitali walimkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Cha tatu kilibaki, ila hakikunjiki. Aliporudi nyumbani alikaa mbele ya cherehani siku nzima bila kuifunua. Siku nyingine aliifunua, akajaribu. Mshono ukaenda upande. Akaufumua, akajaribu tena, ukaenda upande. Akaifunika cherehani. Niliyaona hayo kupitia dirisha lao, nikainamia viatu vyangu.

Karakana ilinyamaza. Seremala alikaa juu ya mbao zake, msumeno pembeni. Jioni moja alikuja kuniambia atamuuzia mtu pikapu ile, asiione tena. Mkewe alikuwa mlangoni pao, ng'ambo ya barabara, akasikia.

"Utamuuzia nani?" aliuliza. "Huyo naye hana mke?"

Neno hilo lilimnyima seremala usingizi. Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa Bi Spana. Kichwa kilikuwa chini, kama mtoto aliyevunja chombo.

Bi Spana hakumsimanga. Alikuja na zana zake, akayawekea magurudumu ya mbele vizuizi, akaiinua pikapu, akafungua gurudumu la nyuma mbele yetu. Ndani kulikuwa kumelowa na kumejaa tope jeusi. Akaniambia hata mimi nisogee nione.

"Mafuta ya breki hayaliwi kama petroli," alisema. "Yakipungua upesi, yanavuja mahali. Yakipungua polepole, huenda breki zimelika. Yote mawili yanataka fundi. Chupa haitibu."

Seremala akauliza kuhusu yale mafuta ya injini. Bi Spana akachomoa raba ndogo, akamwekea kiganjani. Ilikuwa imevimba na kulainika. Alimweleza kwamba mafuta ya injini huharibu raba za breki, na raba ikivimba haiwezi tena kuzuia mafuta yasitoke. Kwa hiyo breki hutiwa mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye mfuniko wa kikopo chake, wala si mengine.

"Lakini nikiikanyaga tena na tena ilikuwa inashika," seremala alisema kwa sauti ndogo.

"Breki nzima hukanyagwa mara moja. Ikitaka mara mbili, hapo imeshakuaga, jirani. Wewe ulikaa nayo miaka mitatu."

Mama Mito alikuwa amesimama nyuma yetu, mkono umefungwa bandeji. Akauliza, "Na jiwe langu?"

Bi Spana alimgeukia. "Jiwe huwekwa gari likishasimama, lisiondoke. Haliwezi kusimamisha gari linalotembea. Na mkono wa mtu hauendi nyuma ya gurudumu kamwe, hata siku moja."

Pikapu ilikaa gereji siku kumi na mbili. Raba zote zilibadilishwa, na bomba lililoliwa na kutu. Mafuta ya zamani yalimwagwa, na breki ya mkono ikapata waya mpya. Makochi yalikwenda kwa mkokoteni, na wateja wakalalamika. Wote walingoja.

Bi Spana pia aliwafundisha la kufanya kila asubuhi. Washa injini, kanyaga breki bila kuachia, hesabu hadi ishirini. Mguu ukizama, usiondoke. Fungua boneti, tazama mafuta ya breki kwenye kikopo chake kama yako kati ya mistari miwili. Chungulia ndani ya kila gurudumu kama kuna majimaji. Vuta breki ya mkono, uone kama inashika. Seremala naye akakumbuka kazi yake. Alichonga kabari mbili za mbao ngumu zenye mpini mrefu, mtu azisukume bila kuinama.

Ufunguo anakaa nao Mama Mito. Hautoi mpaka ameyaona yote hayo kwa macho yake. Mwezi wa pili baada ya matengenezo, mguu ulizama kidogo asubuhi moja, na kochi lilikuwa limeshapakiwa. Seremala alibembeleza. Ufunguo haukutoka. Bi Spana alikuja akakuta nati moja ya bomba imelegea. Hitilafu hiyo iligunduliwa pikapu ikiwa imesimama, bila mtu kuumia.

Mito sasa huikata Mama Mito kwa mkono wa kushoto, na binti yake huishona. Haijanyooka kama ya zamani. Wateja hawasemi, lakini mimi naona, naye anaona.

Yeye mwenyewe alikataa kupanda pikapu kwa miezi mingi. Siku aliyopanda, walirudi mchana, wakasimama pale pale mbele ya kibanda changu. Taa za nyuma ziliwaka mara moja. Nikasikia breki ya mkono ikivutwa. Seremala akashuka, akasukuma kabari kwa mpini, akazunguka kumfungulia mkewe mlango, ambao siku hizi una kitasa.

Mama Mito hakushuka. Miguu yake ilikuwa imetengana, imeacha nafasi ya jiwe. Alitazama mteremko.

"Kumbe inaweza kusimama hapa hapa," alisema.

"Ndiyo, mke wangu."

"Miaka yote ile iliweza."

Seremala alinyoosha mkono amsaidie kushuka, na mkewe akampa ule wa kulia.